Barabara ya Watu Wawili

Halimo, mama wa Kisomali aliyekuwa akienda Dubai kununua nguo za kuuza Eastleigh, alifika mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, Jumamosi moja mwaka wa tisini na nane, wakati mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha lakini matope yake yamegoma kuondoka. Alimwekea mzee Luseno boksi zito mezani, akasema, "Mzee, mzigo kutoka kwa mwanao Javan huu." Akanywa chai nusu kikombe, akainua buibui yake isiguse tope, akaenda zake. Hakusema mzigo ulikuwa wa nani. Luseno naye hakuuliza, na kosa lenyewe ni hilo.

Lakini angeulizaje? Wapangaji wenzake wa ploti nzima wangemcheka. Mtoto akiwa ng'ambo akatuma boksi, na boksi likaletwa hadi nyumbani kwa baba yake, basi boksi ni la baba, hakuna mjadala. Kuuliza ni la nani ni sawa na kumwuliza mwanao kama bado anakukumbuka. Baba mwenye akili timamu haulizi swali la namna hiyo, maana jibu lake linaweza kumnyima usingizi mwaka mzima.

Na Luseno hakuwa na usingizi wa kupoteza. Mkewe, Everline, alikuwa amefariki na kuzikwa kwao Kakamega. Javan, mtoto wao wa pekee, alikwenda Dubai kufanya kazi ya ghala baada tu ya matanga, na tangu hapo alikuwa sauti ya simu, tena ya Krismasi. Mzee mwenyewe alikuwa kiwandani, kwenye mashine za kumimina plastiki kuwa ndoo na mabeseni. Mashine zile zina kelele ambayo haimruhusu mtu kuongea na mwenzake kutwa nzima. Jioni unatoka hapo, masikio bado yanavuma, unafungua kufuli, unaingia kwenye chumba kimya ambacho hakina wa kuongea naye. Luseno alikuwa mpweke, na sioni haja ya kulizungushazungusha neno hilo.

Alipofungua boksi akakuta mashine ya gemu ya rangi ya kijivu, sidii moja ya mbio za magari, na vishikio viwili vya kuchezea, kila kimoja na waya wake. Mtu mwingine wa umri wake angekasirika. Mtu wa miaka hamsini na nane unamtumia kitu cha watoto kuchezea? Luseno aliviangalia vile vishikio viwili, akavigeuzageuza, moyo ukaanza kumwenda mbio. Mtu hanunui kitu chenye vishikio viwili ili kichezwe na mtu mmoja. Javan alikuwa amesema kwenye simu kwamba angekuja likizo Desemba. Basi mambo yalikuwa wazi: alitaka wakae pamoja kwenye kochi, baba na mwana, washindane. Na mwana asije akamkuta baba yake hajui hata pa kubonyeza.

Kwa hiyo akaanza kujifunza. Alifuata picha zilizochorwa kwenye boksi, akaunganisha nyaya nyuma ya televisheni yake ya inchi kumi na nne, akakaa ukingoni mwa kochi miguu imebana, akabonyeza. Siku za mwanzo alikuwa balaa. Gari liligonga ukuta, likageuka, likagonga ukuta mwingine. Mashine ilimwandikia kwa herufi nyekundu kwamba alikuwa akienda upande usio wake, naye akaiambia, "Nimekuona, ngoja basi." Magari mengine yalimpita yote hadi yakaisha, akabaki na barabara peke yake.

Hapo ndipo alipoanza kuona. Anayeendesha kwa kasi haoni chochote, ila Luseno alikuwa akienda polepole mithili ya mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Barabara ilianzia mjini, ikapita chini ya daraja, ikafuata bahari, ikapanda mlima, ikashuka tena mjini. Kando yake kulikuwa na watu. Walikuwa bapa kama waliokatwa kwenye katoni, na ukiwakaribia sana nyuso zao zinavunjika kuwa vipande vya mraba, lakini walikuwa watu. Wengine walisimama darajani wakipunga kofia. Kwenye kona ya pili, juu ya roshani, alikuwepo mama wa gauni jekundu aliyeshika mwavuli. Baharini palikuwa na mashua yenye tanga jeupe. Na mlima ulikuwa na kituko chake: haukuwepo mpaka ulipoukaribia, ndipo ukachomoza ghafla, kipande kwa kipande, kana kwamba kuna mtu anayeharakisha kuujenga kabla mgeni hajafika.

Luseno alivipenda vitu hivyo hadi akaona haya. Alijua nyumba ipi ingechelewa kutokea na ipi ingetokea bila mlango kisha mlango ufuate. Aligundua pia kwamba madirisha ya upande wa bahari yalimulika jua, na upande wa pili hayakumulika. Akifika kwenye kona ya pili alipunguza mwendo, akasema, "Habari ya jioni, mama," kisha akaangalia mlangoni kama kuna aliyemsikia. Jirani yake, Mbeti, ambaye chumba chake kilitenganishwa na chake kwa ubao mwembamba, alikuwa akisikia ngurumo za injini kila jioni, na siku moja uvumilivu ulimwishia.

"Baba Javan," aliita kutoka upande wa pili, "hilo gari lako linaenda wapi lisilofika?"

"Linafika tu, mama. Njia ni ndefu."

"Basi lipake mafuta, linanguruma sana."

Luseno alicheka peke yake. Na kile kicheko kilipoisha akasikia jinsi chumba kilivyokuwa kimya, akabonyeza kuanza upya.

Tusimwonee kwa kumwita mzee aliyechanganyikiwa. Alikuwa na mpango. Desemba ingefika, Javan angeketi upande wa kulia, yeye kushoto, na angemtembeza. Angemwonyesha watu wa darajani. Angemwambia, "Sasa tazama mbele, usipepese macho, mlima unakuja." Javan alipokuwa mdogo walikuwa wakitembea pamoja Jumapili hadi Kariokor kumnunulia akala, zile ndala za matairi, na njiani mtoto alikuwa akiuliza kila kitu: hiki nini, kile nini, nani anakaa pale. Luseno alikuwa mkali siku hizo, alijibu mara moja kati ya kumi. Sasa majibu alikuwa nayo tele, ya barabara nzima, na muuliza maswali alikuwa Dubai.

Javan alikuja Jumapili moja kabla ya Krismasi, saa nane mchana. Alikuwa amefika nchini siku kadhaa nyuma, akafikia kwa rafiki yake Okumu kule mtaa wa Umoja, jambo ambalo Luseno alilisikia na kulimeza bila maji. Mzee alikuwa amechinja kuku tangu asubuhi. Ugali ulikuwa tayari, umefunikwa. Hata firigisi, ambayo kwa desturi ya kwao ni ya mwenye nyumba na hailiwi na mwingine, alikuwa amemwekea mwanawe juu kabisa ya sahani.

Kijana aliingia, amenenepa kidogo, ana saa inayong'aa mkononi. Walishikana mikono kwa muda mrefu. Kisha Javan akageuka kutafuta pa kuweka mfuko, akaiona ile mashine chini ya televisheni, nyaya zote zimeunganishwa, vishikio viwili vimepangwa juu ya kitambaa cha kufuma cha marehemu mama yake. Akasimama.

"Baba, umeifungua?"

Luseno alimwona uso. Baba huwa anaujua uso wa mwanawe hata akikaa miaka mitatu bila kuuona, na uso ule haukuwa wa mtu aliyefurahi.

"Si uliituma?" aliuliza.

"Niliituma, eeh. Lakini ilikuwa…" Javan alijikuna shingo. "Ilikuwa ya Okumu. Amekodi chumba pale Umoja, anataka kufungua mahali pa gemu. Nilimwambia aje aichukue kwako, akawa anasema atakuja, atakuja. Nilidhani Halimo alikwambia."

"Halimo hakusema."

"Basi haina shida, Baba. Kweli. Haina shida."

Ilikuwa na shida. Luseno alihisi uso unamchoma, shingo inamchoma, hadi masikio. Miezi yote ile alikuwa akiongea na zawadi ambayo haikuwa yake. Alitamani sakafu ipasuke immeze na kochi lake. Lakini mgeni huwezi kumwacha amesimama, na mwana aliyerudi kutoka ng'ambo ni mgeni, kwa hiyo akajikaza kisabuni, akamkaribisha chakula. Wakala. Javan aliisukuma firigisi pembeni kwa adabu, akasema kule Dubai tumbo limesahau vitu vya namna hiyo.

Baada ya kunawa, ni Javan mwenyewe aliyerudia habari ya mashine. "Kwani Baba unaijua kucheza?"

"Kidogo."

"Aisee! Hebu nionyeshe basi."

Moyo wa mzee ukapaa. Yaliyopita yote akayasamehe hapo hapo, ya boksi, ya Umoja, na ya firigisi pia. Alimpa mwanawe kishikio cha kulia, akachukua cha kushoto, wakakaa kwenye kochi magoti yanakaribia kugusana. Javan alichagua mchezo wa watu wawili, kitu ambacho Luseno hakuwahi kukichagua kwa sababu hakukuwa na wa pili. Kioo kikagawanyika katikati: juu gari la baba, chini gari la mwana.

"Twende pole pole," Luseno alisema. "Kuna vitu nataka uvione."

Waliondoka. Luseno alilisogelea daraja huku akitabasamu. "Haya, sasa tazama juu, wale—"

Darajani hapakuwa na mtu.

Aliendelea. Labda hakuangalia vizuri. Kwenye kona ya pili roshani yenyewe haikuwepo, nyumba ilikuwa boksi la rangi moja, ukuta mtupu. Bahari ilikuwepo lakini mashua haikuwepo. Akaongeza mwendo, akapanda, akasubiri mlima uchomoze. Haukuchomoza. Palikuwa na ukungu wa kijivu tu, na barabara ndani yake.

"Wameenda wapi?" aliuliza, na sauti yake ilimshtua hata yeye.

"Nani?"

"Watu. Kuna mama wa mwavuli. Kuna mlima hapa, Javan, mlima mkubwa."

Javan alicheka, si kwa ubaya. "Ah, hiyo ni mashine, Baba. Haina nguvu ya kutosha. Ukicheza peke yako inachora kila kitu, watu, miti, nyumba. Mkicheza wawili inabidi ichore barabara mara mbili, juu na chini, kwa hiyo inaviondoa vile vitu vingine ili gari lisikwamekwame. Ziko hivyo zote."

Luseno aliitazama mashine chini ya televisheni. Alikuwa fundi wa mashine maisha yake yote na hakuona cha kubishia. Mashine ikizidiwa, unaipunguzia mzigo. Lakini aliona kwamba ameonewa. Miezi sita amekusanya vitu vya kumwonyesha mtu mmoja, na mtu huyo alipoketi tu, vitu vikaondolewa.

"Basi cheza peke yako," alisema. "Mimi nitakuonyesha."

Javan akatoka kwenye mchezo wa wawili, akaingia wa mmoja. Kila kitu kikarudi: kofia zilikuwa zikipungwa, jua lilikuwa kwenye madirisha. Lakini Javan alikuwa kijana na mikono yake ilijua kazi. Gari liliondoka kwa kishindo. Daraja lilipita juu yao kama kivuli. Kwenye kona ya pili gari liliserereka ubavu, na mama wa mwavuli akawa mstari mwekundu uliokatika mara moja.

"Umemwona?"

"Nani?"

"Yule mama. Pale nyuma."

"Sikumwona, Baba, nilikuwa naikata kona." Macho hayakubanduka kwenye kioo. "Lakini umeona vile nimeikata?"

"Nimeona. Umeikata vizuri sana."

Javan alishinda. Alishinda tena. Luseno alikaa kando yake, mikono mapajani, akimsifu. Na ninawaambia kwamba katika miezi yote ya kukaa peke yake kwenye kochi lile hakuwahi kuwa peke yake kama mchana ule. Ilimbidi amwombe mwanawe, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, warudie tena ule mchezo wa wawili. Javan aliangalia saa, akasema mzunguko mmoja.

Wakaenda huo mmoja. Barabara ilikuwa kavu, bila mtu, bila mti. Luseno hakutazama kando hata mara moja. Aliangalia nyuma ya gari la mwanawe, akalikimbiza kwa nguvu zake zote, na mahali fulani kwenye ukungu walikuwa sambamba, bega kwa bega, na Javan akapiga kelele, "Aaah, Mzee! Unanipita!" kwa ile sauti yake ya zamani. Kisha Javan akampita, akaenda. Luseno alifika mwisho, na alikuwa na furaha kiasi kwamba aliogopa kuongea.

Hodi ilipigwa. Alikuwa Okumu, amekuja kumchukua mwenzake. Alimsalimu mzee kwa heshima, akakataa chai, akaitupia mashine jicho la haraka. Luseno aliliona jicho hilo. Alijua la kufanya: aseme, "Kijana, chukua mali yako." Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Yakakwama. Aliona haya kuyashikilia, na bado akayashikilia.

Javan akamwokoa, ikiwa huko ni kuokolewa. "Kaa nayo tu, Baba. Okumu nitamtafutia nyingine." Akamkumbatia kwa mkono mmoja, akaahidi kupita tena kabla ya kusafiri. Walipotoka, Luseno aliwasikia uani.

"Manze, si ulisema ni yangu?" Okumu alinong'ona.

"Wacha tu, bro. Mzee ashaizoea. Ako solo sana huku."

Nyayo zao zikaisha kwenye lango. Javan hakupita tena. Krismasi alikuwa Mombasa na wenzake, na kabla ya mwaka mpya alipiga simu kwenye duka la jirani, akasema yuko uwanja wa ndege, abiria wanaitwa.

Jumapili iliyofuata Luseno alitoka kanisani, akavua koti, akakaa. Aliwasha mashine, akachagua mchezo wa mtu mmoja. Watu wote walikuwepo darajani. Mama wa gauni jekundu alikuwa mahali pake na mwavuli wake, mashua imetulia, mlima ukajengwa haraka haraka mbele yake. Hakumsalimu mtu. Aliwaangalia wakimpungia, akaona jinsi walivyo bapa, akaona kwamba wangempungia hivyo hivyo mtu yeyote, hata kiti. Uzuri ule wote ulimtia uchungu. Alikuwa amepewa kila kitu kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa peke yake.

Akatoka. Akachagua mchezo wa watu wawili.

Kioo kikagawanyika. Aliondoka na gari lake la juu, na la chini likabaki pale lilipoanzia, injini ikiunguruma polepole, kishikio chake kimelala kwenye kochi, upande wa kulia. Hakupita haraka. Alipita chini ya daraja tupu, kando ya ukuta mtupu, kwenye ukungu. Alimaliza mzunguko, na alipolikaribia lile gari lililosimama macho yake yakashuka yenyewe kwenye nusu ya chini ya kioo. Kule chini, kwa macho ya gari la Javan, aliliona gari lake mwenyewe likitokea ubavuni, likipita, likielekea mbele kwenye ile barabara isiyo na mtu, likipungua, likipungua, hadi likawa kitone, hadi ukungu ukalichukua.

Hakuwahi kujiona hivyo. Kumbe hivyo ndivyo mtu anavyoonekana akiondoka, na aliyebaki nyuma hawezi kufanya lolote ila kutazama. Luseno alifunga breki. Machozi yakamjaa, naye hakuyafuta kwa sababu hapakuwa na wa kumficha.

Kisha akaligeuza gari katikati ya barabara, akaanza kurudi. Mashine ikamwandikia kwa herufi nyekundu, kubwa, zinazowaka na kuzima, kwamba alikuwa akienda upande usio wake. Akaziacha ziwake. Alirudi polepole mpaka akaliona lile gari jingine, akalisogelea, akageuza tena taratibu asiligonge, akaliegesha lake ubavuni mwake, yakaelekea mbele yote mawili. Akapunguza sauti. Akaweka kishikio chake juu ya goti, akakaa.